Ushuru wa Mwanga

Kisu hiki hakina mpini, wala noleo hakilijui.
Kazi yangu ni kukikodolea macho tu:
chini ya maktaba ya Kemi, Jumatatu hadi Ijumaa,
nalipwa nisiuache moto peke yake.

Raili alikuja Januari, saa tisa mchana,
taa za barabarani zimeshawaka.
Alikung'uta theluji viatuni,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane.
"Nataka kitu cha kutundikia mapambo."
Nikamfungulia michoro iliyo tayari:
mti wa matawi, kipepeo, shingo ya batamaji.
Akaipitia yote kwa kidole
kama mgeni apitishaye sahani asiyoila.

Kwenye karatasi yake: mlingoti, miguu mitano,
na juu kulabu, kulabu, kulabu.
"Hii ni stendi ya dripu," nikasema.
"Ndiyo. Miaka thelathini na minane nimeisukuma wodini.
Kitu kingine cha kutundikia sikijui."

Plaiwudi ya betula, unene milimita tatu.
Vibao vya kupishana, kimoja kimepasuliwa juu, kingine chini,
vikumbatiane katikati, visimame bila msumari.
Nikachora mpasuko wa milimita tatu kamili.
Kamili! Kosa la wanagenzi, nami si mwanagenzi.
Tulipoviunga vikacheza
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nikamweleza kwa aibu: mwanga nao hula.
Kila upitapo hujitwalia ushuru wake,
unene wa nywele mbili tatu,
na risiti hautoi.
Ukitaka tatu, chora pungufu.
Kitakacholiwa ukihesabu kabla hakijaliwa.

Akanyamaza, akaitazama mikono yake,
mikono ya chumba cha upasuaji, kucha fupi,
ngozi iliyosuguliwa kwa sabuni hadi ikachoka,
kidole cha pete hakina hata alama.
"Pete yangu niliiweka kwenye kikombe cha yai, jikoni.
Asubuhi naivua, jioni nasahau kuivaa.
Mwishowe kikombe ndicho kilichoolewa."
Akacheka peke yake. Mimi sikujua kama inaruhusiwa.

Mara ya pili tukapunguza.
Feni ikanguruma, nukta ikaanza kutembea,
nyeupe ya kuumiza,
ikifuata mstari wa penseli yake
hata pale mkono ulipotetemeka.
Sikuwa nimeunyoosha. Sikumwambia.
Kwenye kulabu ya kumi na nne ulimi wa moto ukainuka;
kidole changu kikakimbilia kitufe,
naye akahesabu kwa sauti ya kazini, moja, mbili,
ukazimika wenyewe.
Likabaki doa la hudhurungi.
Nikashika msasa. Akaninyang'anya.

"Kulabu arobaini," nikasema. "Una mikufu mingapi?"
"Mitatu. Na hereni za dada yangu, ya kushoto ilipotea."
"Sasa hizi nyingine?"
"Madeni. Mikono hii inanidai, kijana.
Nimestaafu, acha nami nijidai kidogo."

Kibao kikazama ndani ya kibao,
kikagoma kidogo, kikaingia: ta!
Akakitikisa. Hakikutikisika.
Akakibeba ndani ya koti, upande wa kwapa,
kama abebaye mkate wa moto.

Jioni nilifagia sinia la mashine.
Vipande vya ndani ya kulabu nilivihesabu,
sijui kwa nini, tabia yake ilishanishika:
thelathini na tisa.
Nikalaumu feni.

Machi nikamwona kwenye foleni ya posta,
na kabla ya uso nikatazama masikio.
Kulia, hereni ya fedha ya dada.
Kushoto, kijipande cha plaiwudi
chenye ukingo mweusi,
kikining'inia kwa uzi wa kushonea vidonda.