Herufi Mbili

Chumba chetu kipo juu ya duka la spea za pikipiki, mjini Arua,
na ukutani tumepanga runinga sita
kama wake wenza, kila mmoja na kununa kwake.

Ya kwanza mpya, bapa, yasikia kabla hujasema.
Ya pili hukubali kila kitu, kisha haifanyi.
Ya tatu, rimoti yake haina kitufe cha buluu,
nasi mlango wa kutokea tulikuwa tumeuweka kwenye buluu.
Ya nne imefungwa king'amuzi kikuukuu cha Onzima:
kumbukumbu yake kibaba, ukitia pishi humwaga.
Ya tano na ya sita tuziache.
Umeme ulirudi kwa kishindo mwezi wa tatu,
tangu siku hiyo zinajua rangi moja tu, zambarau.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuisimulia:
bonyeza chekundu, usome matangazo ya misiba.
Nani, wa wapi, mazishi lini,
kwa Kilugbara, kwa Kiswahili,
ili mtu wa Ediofe asikose kumzika nduguye wa Koboko
kwa sababu tu betri za redio zimechoka.

Andika mara moja, walituambia chuoni, itakwenda kila mahali.
Waliotuambia hawajaoa runinga sita.

Usiku ule nilipunguza. Picha ya mshumaa, nje.
Kivuli cha maandishi, nje.
Ua la pembeni nililolichora kwa siku mbili, nje.
Onzima, mdomo umejaa muhogo:
"Driciru, changu hakimezi jina
linalopita herufi kumi na tatu, nafasi ikiwemo.
Likizidi, kinaganda."
Nikaandika mstari mmoja, mfupi, wa kujivunia:
zinazozidi, kata.

Ukakata.

Alhamisi akafariki Mwalimu Ayikoru,
bibi mstaafu, wa Ediofe.
Runinga mpya ikamwandika mzima, kwa wino mweupe.
Lakini Onduparaka, kwenye ving'amuzi vya kibaba,
watu wakasoma: Mwalimu Ayiko.

Kwetu, herufi mbili za mwisho ndizo zinazosema
huyu ni mwanamke.
Ukizing'oa, anabaki mwanamume,
na mwanamume huyo yupo, anafundisha hesabu,
na saa hiyo alikuwa bafuni, anajimwagia maji.

Alitoka na taulo akakuta viti vimepangwa uani.
Shangazi yake yuko chini, kitambaa kimevuka kichwa.
Mtu amekwisha kuleta mbuzi.

Ijumaa akapanda ngazi zetu, chaki kwenye pindo la shati,
rimoti mkononi kama kidhibiti mahakamani.
Niliandaa maneno ya kuomba radhi. Hakuyataka.
Alitaka kuona.
Akasimama mbele ya ile ya nne, akahesabu kwa kidole,
M, w, a, mpaka o.
"Kumi na tatu," akasema. "Hesabu yenu sahihi."
Kisha akakaa juu ya boksi la nyaya.
"Mama yule ndiye aliyenifundisha kuhesabu.
Wangejuaje kuniambia, wakati walikuwa wananililia mimi?"

Onzima akazima feni. Sijui kwa nini.

Nimeufuta ule mstari. Sasa jina refu linashuka chini,
na king'amuzi kile huchukua sekunde nne kulishusha,
skrini nyeusi, mtu unajiona usoni mwako.
Runinga nyingine hazina shida, zinamwandika sawasawa.
Ile ya nne tu, kwa ukaidi wake,
huandika Mwalimu Ayiko, inapumua,
halafu chini kabisa, peke yake,
kama mgeni aliyekosa nafasi ndani akakaa kizingitini:

ru.

Onzima asema ni kasoro, tuirekebishe kabla ya Jumatatu.
Nimemwambia kesho.
Nimemwambia kesho tangu juzi.