Siku ya Kumi na Tatu

Ubao umepigiliwa kwenye ua wa kina Obwocha,
maandishi madogo kama mchwa:
anayepinga apinge ndani ya siku kumi na nne.
Tarehe yenyewe mvua imeshaila.

Zamani faili ya ploti ilipanda ngazi za jumba la kaunti
kwapani mwa Shitanda, tarishi,
ikilala kila orofa mpaka inyweshwe chai.
Sasa, wanasema, faili haina miguu.
Inabofywa Jumatatu, Ijumaa imeiva.

Basi nikaketi kwenye saiba ya Kawangware,
shilingi moja kwa dakika,
nikajaza fomu:
jina, Mwende Kilungu;
kazi, kufua nguo za watu;
nambari ya ploti, si yangu.
Mtambo ukakataa. Kisanduku hakitaki "si yangu".
Nikaweka nambari ya mita ya maji.
Ukanyamaza, ukapokea.

Sababu ya pingamizi, herufi mia mbili, zisizidi:

*Orofa nne hatukusema kitu.
Kumi na sita zikisimama pale
zitaimeza saa tisa yangu,
saa ya kukausha shuka za daktari.
Na mfereji wa majitaka
ulichimbiwa nyumba saba, nanyi mna*

Hapo herufi zikaisha.

Nikatuma hivyo hivyo. Nikapewa nambari ndefu,
nimeiandika kwa kalamu ya rangi chini ya beseni
isije ikafuliwa.

Kesho ndiyo ya kumi na nne.
Leo kuna jua. Nimeanika mapema,
nguo zote,
hata zilizokwisha kukauka.