Weupe Mara Mbili

Chini ya ngazi, pale Vlastimil alipokuwa akivua buti za mgodini,
sasa pana kabati la droo kumi na mbili,
na kila droo ina bakuli lake la maji na chatu wake.
Nje, Ostrava imefunikwa na theluji. Humu ni nyuzi thelathini na moja.
Bili ya umeme naificha chini ya kitambaa cha meza,
utadhani Jitka, binti yangu, hajui kusoma.

Jike wangu ni albino:
mweupe wa maziwa, mwenye mabaka ya manjano
kama mtu aliyemwaga kiini cha yai akaona haya kufuta.
Macho mekundu. Si hasira, si uchawi.
Ni damu yake tu inayoonekana, dirisha lisilo pazia.
Mwilini mwake kiwanda kipo, mashine zipo,
ila kimeng'enya kimoja hakikuripoti kazini tangu siku ya kwanza,
na weusi haukutengenezwa.

Wako wengine ambao kazi huanza, ikakwama katikati;
hao hutoka na rangi ya sukari iliyoungulia sufuriani.
Watu husema "albino" kana kwamba wamemaliza.
Ni kama kusema "jirani."
Wa kulia, au wa kushoto?

Sikuuliza.

Nilimnunua dume kwa Bogdan wa Katowice:
zambarau iliyofifia, rangi ya ua lililosahauliwa ndani ya kitabu,
macho kama divai kwenye glasi nene.
Nililipa kwa pesa za jiwe la kaburi la Vlastimil.
Msinitazame hivyo. Nilimweleza mwenyewe, makaburini, kwa sauti:
mwaka mmoja tu, mzee, watoto wakiuzwa utapata granaiti.
Hesabu yangu ilikuwa fupi:
mweupe kwa mweupe, weupe mara mbili.

Siku hamsini na nane.
Mayai saba yameshikamana kama ndugu wenye baridi.
La kwanza likachanika, pua ikachungulia,
nikaleta tochi.
Kahawia.
La pili, kahawia. La tatu sikulitazama, nikapanda kunywa chai,
niliporudi walikuwa wanne.
Wote saba! Kahawia na lami, macho meusi kama vifungo vya koti,
chatu wa kawaida kabisa, wa bei ya viatu vya mtumba.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndiyo,
lakini wa rangi gani, methali ilinyamaza.

Nikampigia Bogdan usiku wa manane.
Nikamwita mwizi kwa Kicheki, na kwa kuwa hakustuka,
nikarudia kwa Kipolandi.
Alisubiri nipumue.
"Drahomira," akasema, "hawa si weupe wa aina moja.
Wako amekosa kitu, wangu amekosa kingine.
Alichokosa mama, baba anacho. Alichokosa baba, mama anacho.
Watoto wamepewa vyote viwili. Unalia nini?"
Nikamkatia simu, maana alikuwa na haki.

Jitka alishuka na soksi moja, akainama kwenye sanduku.
Hakuuliza bei.
"Kumbe weusi ulikuwepo," alisema, "nusu huku, nusu kule."
Kila mmoja wa hawa saba amebeba weupe wa aina mbili
uliokunjwa ndani, kama barua kwenye bitana ya koti.
Nikiwaozesha wao kwa wao, baada ya miaka mitatu,
kati ya kumi na sita huenda mmoja akawa na vyote viwili.
Huenda. Mayai hayajui hesabu.

Sita nitawauza hivyo hivyo.
Wa saba, mweusi kuliko wote, alijizungusha kwenye kidole changu,
na magamba yake yalikuwa na weusi ule ule
uliokuwa ukibaki kwenye kucha za Vlastimil hata Jumapili,
hata kwenye jeneza.

Jiwe bado. Kuna msalaba wa mbao,
na theluji.