Haroub Amefuta Mistari Mitatu

Saa nne ya usiku, Wete, juu ya duka la vitambaa.
Feni inazunguka kwa umeme wa kubahatisha
na mimi nasoma kazi ya Haroub.
Kijani, na alama ya kujumlisha mbele: alichoongeza.
Nyekundu, na alama ya kutoa: alichofuta.
Ameongeza mstari mmoja. Amefuta mitatu.
Chini ameandika: Nimesafisha.

Hebu tuuone usafi wenyewe.

*Kama x si chanya, basi x ni hasi.*

Mfupi, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.
Majaribio mia tatu na kumi na mbili, yote yamepita.
Amejaribu tano, amejaribu hasi tano,
nusu, theluthi, hasi saba,
na sifuri hakumgusa;
sifuri kakaa mlangoni, viatu mkononi,
anangoja kuitwa.

Haya, sifuri ni kosa dogo.
Nitamdai kwa neno moja, kesho kabla ya chai atakuwa ndani.
Kinachoniondolea usingizi ni herufi tupu,
ni y, aliyeandikwa na mtu asiyesema lolote juu yake,
kama ni namba halisi, kama yuko upande gani wa sifuri.
Tukimwuliza y, U chanya?
ile mistari mitatu ndiyo iliyokuwa ikimjibia:
Bado haijulikani.
Haroub kalisoma neno *bado*
akadhani ni *siyo* iliyochelewa.

Na kosa hili halikai lilipozaliwa.
Kuna mwanafunzi, sijui wapi, ataleta hesabu ya kutolingana,
atagawa pande mbili kwa y,
na ule mdomo wa alama, tuliofundishwa skuli kuwa hula kikubwa,
utageuzwa kwa uhakika usio na shahidi.
Jibu litatoka zuri, limepangika,
la uongo.

Nyumbani kwetu tunaye y mmoja.
Ami Shaame aliondoka kwenda Tanga
mwaka niliotiwa chuoni, na begi la buluu,
akasema atarudi kwa Idi.
Hakusema Idi ipi.
Karani wa sheha alikuja na fomu:
Yu hai, au amefariki? Visanduku viwili.
Bibi Mize akaichukua kalamu, akaitazama ile karatasi,
akachora kisanduku cha tatu, kimepinda,
akakitia tiki.
Karani alicheka.
Khitma hatujaisoma.
Wala sahani yake haimngojei mtu,
tusidanganyane, tulishaigawa zamani.

Nikaandika. Nikafuta, lilikuwa neno kali.
Nikaandika tena:

*Haroub, kazi yako inasomeka, ahsante.
Irudishe mistari mitatu.
"Si chanya" ni kauli ya aliyeulizwa akajibu.
y hajajibu.
Tia jaribio la sifuri,
na jingine la herufi isiyo na sifa yoyote.
Ukimaliza, panda hadi mstari wa mia na tisini:
kuna kosa kama lako, la mwaka juzi.
Utaliona jina langu pembeni.*

Hapo kwenye jina nilisita.
Nje mtu alikuwa akikunja majamvi ya karafuu,
anauliza kama mvua itanyesha,
na mwenzake anamwambia, we kunja tu.

Nikabonyeza.
Umeme ukakatika palepale.
Kioo cha kompyuta kikabaki na mwanga wake wa betri,
na ujumbe wangu unazunguka, unazunguka,
haujaenda, haujashindwa.

Mama akauliza kutoka ngazini:
Ushalala?

Nikanyamaza.
Ajaze mwenyewe.