Simu Dakani

Usiku niliiuliza simu, kwa ncha ya kidole,
habari za uvimbe wa kizazi.
Sikumwambia mume. Sikumwambia hata dada yangu Somoe,
ambaye nikikohoa tu hujua nimelia.

Asubuhi namwonyesha wifi michoro ya hina
ya arusi ya Swabra, na katikati ya maua
ikachomoza hospitali ya Mombasa:
Uvimbe? Usiogope. Piga leo.
Wifi akaona. Akatazama kando.
Wifi ana adabu; hiyo adabu ndiyo iliyonichoma.

Nikashuka Langoni kwa Famau, mwenye meza ya simu
baina ya muuza halua na mshona viatu.
"Hali fiche niliiwasha," nikamwambia, "sasa mbona?"
Akacheka. "Shangazi, hiyo ni buibui.
Nawe wajua, Mkomani nzima
humtambua mtu kwa mwendo."

Akanitandazia vivinjari kama kanga za dukani.
Hiki chepesi, ila mwenyewe anakula kwa matangazo.
Hiki huwafukuza wafuatiliaji mlangoni.
Na hiki hulipitisha neno lako nyumba tatu
hata asijulikane aliyelituma,
"lakini polepole, kama punda wa mchanga."

Nikachukua cha pili.
Vidakuzi nikavifagia: mia nne na kumi na viwili,
makombo ya kila baraza niliyoketi.
Ramani nikaikataza kujua nilipo.
Niko Amu; anitakaye na aulize.
Nywila ya zamani, jina la mwanangu na mwaka wake, nikaizika.

Mwenye nia safi, watu husema, hana la kuficha.
Mabibi zetu walijenga daka,
mgeni akaketi hapo, akaletewa kahawa,
kisha tekani, palipopindwa makusudi
jicho la njiani lisifike uani.
Hawakuwa na la kuficha.
Walikuwa na ndani.

Jioni benki ikagoma: haikunijua.
Nikajieleza upya, jina, tarehe, jina la mama,
kama mgeni kwao.
Mapishi ya video yakakataa kufunguka;
nikasusa siku mbili, ya tatu nikalegeza komeo kidogo.
Sikufichika. Nimepunguza tu macho.

Uvimbe ungalipo. Jumanne nina miadi ya picha.
Leo nimemwambia Somoe kwa mdomo wangu,
chumba cha ndani, mlango umerudishwa,
na simu
tumeiacha dakani.