Nukta Tatu

Brno, Januari. Bomba la joto linagonga
kama mgeni asiyefunguliwa mlango.
Vendula kaandika neno moja tu, chapisha,
na skrini ikatapika mistari elfu arobaini:
kituo ndani ya mto, saa ndani ya kituo,
kina cha maji ndani ya saa,
mabano yakizaa mabano
hata kahawa ikapoa hajauona mwisho.

"Hili si jibu," akasema. "Haya ni mafuriko."

Basi tukakaa kuikata.
Mitatu ya mwanzo ibaki, mitatu ya mwisho ibaki,
katikati nukta tatu, na chini yake hesabu,
asije mtu akadhani kilichofichwa hakipo.
Mimi nilitaka mitano.
Tukabishana, tramu sita zikapita dirishani.
Hakuna kilichofutwa, alinikumbusha,
kila kitu kimo humo humo, kimekunjwa tu.

Saa nne usiku babake akapiga kutoka Znojmo.
"U hali gani, baba?"
"Njema. Theluji imeanguka. Paka amerudi."
Kisha kimya, kirefu,
nikasikia hata saa ya ukutani kwake.
"Haya. Funga dirisha. Lala salama."

Simu ilikatika, naye bado kaishika sikioni.
Akarudi kwenye kibodi, akaongeza kigezo kimoja
cha hiari, ambacho wengi hawatakigusa:
onyesha yote.

Hakungoja majaribio yaishe.
Alivaa koti, akatoka ngazini,
akampigia tena.