Siku Saba au Thelathini

Fundi Hamenya wa Mwanga, nyuma ya duka la mawese,
amefuta kioo cha simu yangu kwa pindo la shati
akaniuliza swali ambalo daktari wa Maweni hakunijibu:
"Mtakaa siku ngapi?"

Anauza laini isiyo na kadi.
Hakuna cha kuchomeka, hakuna sindano ya kufungulia kidirisha,
ni mraba wa vitone vyeusi tu, kama nzi waliotua kwenye barua.
Simu inautazama mara moja
na tayari ina mtandao wa India.

Siku saba, GB moja.
Siku kumi na tano, GB tatu.
Siku thelathini, GB kumi, "na hapo, dada, unalala usingizi."

Mimi silali, nahesabu.
Upasuaji ni siku ya tatu, ndivyo walivyoandika.
Moyo wa mama ukikubali,
siku ya kumi atakuwa anagombana na manesi kwa Kiha.
Usipokubali,
sijui kifurushi gani kinatosha.

Nikichukua saba nitakuwa nimemharakisha.
Nikichukua thelathini nitakuwa nimemlaza wodini mwezi mzima
kwa fedha yangu mwenyewe.
Maneno huumba, alinifunza yeye.
Na kidole je, kinapobonyeza "nunua"?

Hamenya hanisukumi. Anaongea huku analamba gundi ya kioo cha mtu mwingine.
"Usichukue ya dunia nzima, unakwenda nchi moja, lipia nchi moja.
Ile isiyo na kikomo ina kikomo,
wamekiandika chini kwa herufi za sisimizi.
Hii haina namba. Haipigi, haipigiwi, ni intaneti tupu.
Laini ya nyumbani usiitoe, izime data, iache ipokee ujumbe."

Ndiyo, ujumbe. Michango bado inaingia:
elfu tano ya binamu wa Kasulu,
elfu mbili ya mtu ambaye jina lake hatulijui nyumbani kwetu.

Mama ndiye aliyeyazoea haya.
Kule Kagunga simu yake ya tochi hulala Tanzania, huamka Burundi.
Asubuhi anakuta ujumbe: karibu, bei ya dakika ni hii,
naye hajatoka hata uani.
"Wamenisafirisha tena usiku," husema, "na viatu hawakunivisha."
Kisha hupanda jiwe lililo juu ya shamba la mihogo,
mkono hewani,
mpaka arudi nchini.

Bukuru, pacha wangu, anabaki Kibirizi na vichanja vya migebuka.
Atataka picha kila jioni.
Picha ni nyepesi, anasema Hamenya, video ndiyo inakula.
Nikamuuliza: na sauti? Mama akikohoa sekunde arobaini?
Alisimamisha bisibisi.
"Haifiki hata megabaiti moja."

Nikachukua kumi na tano.
Si kwa hesabu. Ilikuwa katikati, na mkono ulikuwa umechoka.

Akauchapa ule mraba kwenye karatasi, maana simu haiwezi kujitazama yenyewe.
"Usiufungue kabla ya kufika.
Na ukishaufuta, haurudi."
Nimeukunja ndani ya faili la rufaa,
kati ya karatasi ya moyo wenye milima na mabonde
na picha mbili za pasipoti ambazo mama hakutabasamu.

Jioni, Gungu, ameufunua, ameusogeza kwenye taa,
ameugeuza juu chini.
"Hii ndiyo dawa yenyewe?"
Hapana, mama. Ni ya kuongea na Bukuru.
"Ya siku ngapi?"
Kumi na tano. Zikiisha, tunaongeza.

Amenyamaza, kidole juu ya vitone,
kama anayetafuta pa kushika mtandao.
"Hebu," akasema, "rudia hapo mwisho."